Msumeno wa meza wa kwanza: Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa fedha zako

FUNDI wa mbao anayeendesha kazi nyuma ya nyumba yake mtaani Shirere, mjini Kakamega, hufika siku akachoka kusukuma msumeno wa mkono. Oda za meza, kabati na fremu za milango zimeongezeka, mkono ni ule ule, na mteja hataki kuambiwa kwamba kupasua mbao tano kumechukua asubuhi nzima.

Hapo ndipo wazo la kununua msumeno wa meza huzuka.

Tatizo ni kwamba fedha ni haba ilhali mashine ni nyingi. Muuzaji atamwonyesha mashine yenye rangi ya kupendeza, atamtajia idadi ya wati na kumhakikishia kuwa ina nguvu. Ni nadra amweleze kitakachotokea ubao ukiibana diski, au umeme ukipotea katikati ya kazi kisha urejee ghafla.

Makala haya yanalenga mtu anayenunua mashine hii kwa mara ya kwanza na asiyeweza kumudu ya kiwandani. Shauri lake kuu ni hili: katika mashine ya bei nafuu, lipia kwanza vitu vitatu. Navyo ni bamba la mgawanyo lililo nyuma ya diski, reli ya mwongozo iliyonyooka, na swichi isiyojiwasha yenyewe umeme unaporejea. Nguvu za mota na upana wa meza vifuate baadaye.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Msumeno wa meza ni diski ya chuma yenye meno, iliyofungwa kwenye shafti chini ya meza na kuchomoza juu kupitia mwanya mwembamba. Diski hukaa mahali pamoja na fundi ndiye anayeusukuma ubao kuielekea. Hii ndiyo tofauti kuu kati yake na msumeno wa umeme wa kushikwa mkononi, ambao hupitishwa juu ya ubao uliotulia.

Wazo lenyewe si geni. Mwingereza Samuel Miller wa Southampton alipewa hataza iliyotaja msumeno wa mviringo mwaka 1777. Mwaka 1906 Mjerumani Wilhelm Altendorf aliunda meza yenye upande unaoteleza pamoja na ubao, na hadi leo muundo huo unatumika katika viwanda vya fanicha.

Kazi kuu ya mashine hii katika karakana ndogo ni kupasua, yaani kukata kwa kufuata urefu wa nyuzi za mti. Ubao wa inchi 12 kwa 1 unaweza kupasuliwa kuwa vipande vya upana sawa kwa dakika chache, na kipande cha kumi kikalingana na cha kwanza. Usawa huo ndio humwezesha fundi kuunganisha mlango bila kurandaranda kila kiungo.

Kasi ya diski ndiyo inayofanya kazi iende haraka, na ndiyo pia chanzo cha hatari. Diski ya milimita 254, ambayo ni inchi 10, ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, meno yake husafiri mita 64 hivi kwa sekunde. Huo ni mwendo wa takriban kilomita 230 kwa saa.

JE, UNAUHITAJI?

Kabla ya kuzungumzia bei, pima kwanza kazi unazopata.

Ikiwa kazi zako nyingi ni za kukata plaiwudi na blokibodi, msumeno wa umeme wa kushikwa mkononi, pamoja na upao ulionyooka wa kuuongoza, utakufaa zaidi na kwa gharama ndogo. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ni vigumu na ni hatari kwa mtu mmoja kuisukuma juu ya meza ndogo.

Ikiwa unapasua mbao mara moja tu kwa mwezi, huenda ikawa nafuu kuzipeleka kwenye mashine ya mtu mwingine mjini na kulipia kazi hiyo. Fanya hesabu ya ulichotumia kwa miezi sita iliyopita, uongeze nauli na saa ulizopoteza kwenye foleni, kisha ulinganishe jumla hiyo na bei ya mashine.

Nafasi nayo ni muhimu. Ubao wa futi 8 una urefu wa karibu mita 2.4. Unahitaji urefu huo mbele ya diski na urefu huo huo nyuma yake, ukiongeza meza yenyewe. Jumla ni zaidi ya mita 5. Chumba cha futi 10 kwa 10 hakitoshi, hivyo basi mashine yako italazimika kuwa nyepesi kiasi cha kutolewa uani asubuhi na kurejeshwa ndani jioni.

AINA ZINAZOPATIKANA SOKONI

Kwa mnunuzi wa kwanza, chaguo ni nne.

La kwanza ni mashine mpya inayobebeka. Hii aghalabu huwa na diski ya kati ya milimita 200 na 260 na mota ya wati 1,500 hadi 2,000. Majina kama Makita, Bosch na DeWalt huwa ghali. Ingco na Total huuzwa kwa bei ya chini. Mota zake huwa na brashi za kaboni, ni nyepesi, zina kelele nyingi na hupata joto haraka. Zinafaa kazi ya vipindi, si ya kutwa kucha. Brashi huisha kwa matumizi, kwa hivyo uliza kama za kubadilisha zinapatikana Kakamega au Kisumu kabla hujanunua.

La pili ni mashine nzito ya kusimama yenye mota ya induksheni inayozungusha diski kwa mkanda. Haina brashi, kelele yake ni kidogo na inaweza kudumu miaka mingi. Hata hivyo, bei yake iko juu, haibebeki, na nyingine huhitaji umeme wa nyaya tatu ambao nyumba nyingi hazina.

La tatu ni ile inayochomelewa na mafundi wa jua kali: fremu ya chuma cha pembe, bamba la chuma juu, mota ya mtumba na mkanda chini. Uimara wake unategemea mchomeleaji. Faida yake ni kwamba unaweza kuagiza urefu na kimo unachotaka na kuirekebisha papo hapo mtaani. Upungufu wake ni kuwa mara nyingi haina kifuniko, haina bamba la mgawanyo, na swichi yake ni ile ya kawaida ya ukutani.

La nne ni mashine ya mtumba kutoka ng'ambo. Chuma chake huenda kikawa bora kuliko cha mashine mpya ya bei hiyo hiyo, ila ina mtego wa umeme ambao tutaueleza hapa chini.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayopaswa kukataliwa kwa jina lake tu. Mashine ya jua kali iliyonyooka na kuwekewa vifaa vya usalama ni bora kuliko ya dukani iliyopinda.

MBAO ZETU NA TEKE LA MSUMENO

Vitabu vingi vya useremala vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua mbao zilizokaushwa kwenye tanuri na kurandwa pande zote nne. Hali ya Kakamega ni tofauti.

Mbao nyingi zinazofika karakanani hutoka katika mashamba ya watu, hasa mikaratusi, grevilea na saiprasi. Mtindo huo ulishika kasi baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, marufuku ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023. Miti ya shambani mara nyingi hupasuliwa kwa msumeno wa mnyororo pale pale ilipoangushwa, na mbao zake huuzwa zikiwa bado na maji.

Mkaratusi una tabia inayopaswa kujulikana na kila mnunuzi. Mti huo hukua ukiwa na mkazo mkubwa ndani yake. Ubao wake unapopasuliwa, mkazo huo huachiliwa, na pande mbili za mkato zinaweza kutanuka au kukaribiana wakati diski ingali katikati. Zikikaribiana, huibana diski kwa nyuma.

Meno ya nyuma ya diski huzunguka yakipanda juu na kumwelekea fundi. Yakiushika ubao uliobana, huunyanyua na kuurusha kumwelekea mtu anayeusukuma. Hilo ndilo teke la msumeno. Ubao unaweza kumpiga tumboni au usoni, lakini baya zaidi ni kwamba mkono uliokuwa umeushikilia huvutwa kuelekea kwenye diski kabla ya mtu kutambua kilichotokea.

Kinga yake ni bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma ya diski kwa umbali wa milimita chache, ndilo tuliloliita bamba la mgawanyo. Kazi yake ni kuzuia pande za mkato zisikutane tena. Ili lifanye kazi, unene wake uwe mkubwa kuliko wa bati la diski lakini mdogo kuliko upana wa mkato wa meno. Diski ikikata mwanya wa milimita 3 na bati lake lina milimita 2, bamba la milimita 2.5 linafaa.

Bamba lililo bora hupanda na kushuka pamoja na diski, na hivyo halihitaji kuondolewa unapokata mfuo usiopenya ubao wote. Kwa mashine ya jua kali, mwambie fundi alifunge bamba hilo kwenye chuma kile kile kinachobeba shafti, wala si kwenye meza.

Waswahili husema ajali haina kinga. Ajali hii ina kinga, na ni kipande cha chuma kisichofika upana wa kiganja. Mashine isiyo na bamba hilo wala mahali pa kulifungia isinunuliwe, hata ikiwa bei yake ni nusu.

RELI YA MWONGOZO

Reli ya mwongozo ni upao wa chuma au alumini unaosimama juu ya meza sambamba na diski. Ubao huegemea hapo unaposukumwa. Ikiwa sehemu ya nyuma ya reli iko karibu na diski kuliko ya mbele, ubao utasukumwa dhidi ya meno ya nyuma, na teke litatokea hata kwa mbao kavu.

Hapa ndipo mashine nyingi za bei ya chini hushindwa. Reli yake hufungwa upande mmoja tu, nayo hupinda inapobanwa.

Dukani, isogeze reli na uifunge mara tatu kwa vipimo tofauti. Kila mara pima umbali kutoka kwenye diski, mbele na nyuma. Vipimo hivyo viwili vikilingana mara zote tatu, reli ni nzuri. Vikitofautiana kila unapoifunga, hutaifurahia mashine hiyo. Tofauti isiyobadilika inaweza kurekebishwa kwa skrubu. Inayobadilika haina dawa rahisi.

UMEME: PASUO LA KWANZA HUANZIA UKUTANI

Nyumba nyingi nchini hupokea umeme wa volti 240 wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Soketi ya kawaida ya pini tatu ina kikomo cha ampea 13, sawa na takriban wati 3,000. Mota ya wati 1,800 huvuta ampea 7.5, kwa hivyo iko ndani ya uwezo huo. Tatizo huja wakati wa kuwasha, ambapo mota ya induksheni inaweza kuvuta mara tano au zaidi ya kiwango chake cha kawaida kwa muda mfupi.

Waya mwembamba huzidisha tatizo. Chukua mfano wa waya wa kuongezea wa mita 30 wenye unene wa milimita 1.5 za mraba. Ukipitisha ampea 40 wakati wa kuwasha, unapoteza karibu volti 27 njiani. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba upotevu huo hushuka hadi volti 17 hivi. Mota inayopokea volti pungufu huchelewa kushika kasi, hupata joto na huungua mapema. Nunua waya mnene na mfupi kadiri iwezekanavyo, na usiutumie ukiwa umekunjwa.

Kwa mashine za mtumba, soma bamba la maelezo la mota kabla ya kusoma bei. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120. Hata mashine iliyotoka Uingereza inaweza kuwa ya volti 110, kwa sababu vifaa vya maeneo ya ujenzi huko hutumia kiwango hicho kwa ajili ya usalama. Ukiichomeka kwenye soketi ya volti 240 itaungua papo hapo. Transfoma inaweza kutatua suala la volti, ila haibadilishi mizunguko: mota ya induksheni iliyoundwa kwa mizunguko 60 itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17 hapa kwetu, tena ikipata joto zaidi.

Mota iliyoandikwa volti 415 ni ya nyaya tatu. Usiinunue kwa matumaini ya kuunganishiwa baadaye. Uliza kwanza Kenya Power gharama ya kuvutiwa laini hiyo hadi nyumbani kwako.

Jambo la mwisho la umeme ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ni swichi. Kenya ilikumbwa na giza la taifa zima mnamo Agosti 25, 2023, na tena Desemba 10 mwaka huo huo, mbali na kukatika kwa kawaida kwa umeme mitaani. Umeme ukipotea, fundi huiacha mashine na kwenda kushughulika na mengine. Pengine huinama kuondoa kipande kilichokwama. Ikiwa swichi ni ya kawaida na imesahaulika ikiwa imewashwa, diski itaanza kuzunguka umeme unaporejea, mkono wake ukiwa pale pale.

Swichi inayofaa hujifungua yenyewe umeme unapopotea na haiwaki hadi kitufe kibonyezwe upya. Kuijaribu ni rahisi. Meza ikiwa tupu na watu wakiwa mbali, washa mashine, kisha zima soketi ya ukutani. Subiri diski isimame kabisa, halafu washa soketi tena. Mashine ikibaki kimya, swichi ni nzuri. Ikianza kuzunguka, weka gharama ya swichi mpya katika hesabu yako kabla ya kukubaliana bei.

Nyumbani, hakikisha soketi ya karakana ina waya wa ardhini unaofanya kazi na kivunja saketi cha miliampea 30 cha kulinda mtu asipigwe na umeme. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya EPRA.

DISKI NA PULI

Diski inayokuja na mashine ya bei nafuu mara nyingi ni ya kuanzia tu. Diski bora huifanya mota ndogo ionekane kubwa, ilhali butu huifanya kubwa ihangaike, na kumfanya fundi asukume kwa nguvu zaidi. Mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza.

Kwa kupasua mbao nene, tumia diski ya meno 24 hivi. Kwa kazi mseto, meno 40. Kwa plaiwudi na kukata mkingamo, meno 60 hadi 80. Ukiwa na uwezo wa kununua mbili pekee, anza na ya 24 na ya 60. Chagua zenye ncha za kabaidi, kwa kuwa hudumu na zinaweza kunolewa tena.

Kagua tundu la katikati. Mashine nyingi zinazouzwa katika soko letu hutumia tundu la milimita 30, ilhali za Kimarekani za inchi 10 hutumia la karibu milimita 16. Diski yenye tundu kubwa kuliko shafti isitiwe kipande cha bati ili ikae. Tumia pete maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au uiache.

Diski ya milimita 254 kwa kawaida hukata kina cha milimita 75 hadi 80 ikisimama wima, na 55 hivi ikiinamishwa nyuzi 45. Mbao za inchi 2 na hata za inchi 3 zitapita. Ikiwa huhitaji zaidi ya hapo, huna sababu ya kulipia diski kubwa.

Kwa wanaoagiza mashine ya jua kali, hesabu ya puli ni ya lazima. Gawanya kipenyo cha puli ya mota kwa kile cha puli ya shafti, kisha zidisha kwa kasi ya mota. Mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika yenye puli ya inchi 4, ikiendesha shafti yenye puli ya inchi 3, itatoa mizunguko 3,800. Ukiweka puli ya inchi 6 kwenye mota hiyo hiyo, utapata 5,700. Kila diski imeandikwa kikomo chake cha kasi. Ikiwa diski yako imeandikwa 5,000, puli hiyo ya pili inaweza kuipasua vipande vipande.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

Nenda dukani na rula ya chuma, kalamu ya kuweka alama na kipande cha ubao ulionyooka. Mashine ikiwa imechomolewa kutoka kwenye umeme, fanya yafuatayo:

1. Simamisha rula kwa ncha yake juu ya meza, kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ukipita chini ya katikati, meza imepinda.

2. Tia alama kwenye jino moja. Pima umbali wake hadi kwenye mfuo wa meza likiwa mbele, kisha zungusha diski hadi jino lilo hilo liwe nyuma na upime tena. Vipimo vikitofautiana, diski haiko sambamba na meza. Uliza kama kuna skrubu za kurekebisha.

3. Shika diski kwa glavu au kitambaa kizito na uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimeisha au shafti imelegea.

4. Inua diski hadi juu, ishushe, kisha iinamishe nyuzi 45 na kuirejesha. Isikwame wala isishuke yenyewe.

5. Hakikisha kifuniko cha diski, bamba la mgawanyo na kijiti cha kusukumia vimo ndani ya boksi, si kwenye picha ya boksi pekee.

6. Tafuta alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, na udai risiti yenye muda wa dhamana.

Baada ya hapo, washa na usikilize. Mlio uwe mmoja, usiopanda na kushuka. Kisha fanya jaribio la swichi lililoelezwa hapo juu. Muuzaji anayekataa mashine yake ijaribiwe amekwisha kukujibu.

NAMNA YA KUGAWA BAJETI

Kosa la kawaida ni kumaliza fedha zote kwenye mashine na kubaki bila cha kununulia kinachoifanya itumike. Katika kila Sh100 ulizotenga, jaribu kuacha Sh30 pembeni. Fedha hizo zitagharimia diski ya pili, waya mnene, kazi ya fundi wa umeme, miwani, vizibo vya masikio na barakoa.

Iwapo hilo linamaanisha kushuka daraja moja la mashine, shuka. Mashine ya wati 1,500 yenye diski kali na umeme mzuri itapasua mkaratusi kwa utaratibu. Ya wati 2,000 yenye diski butu na waya mwembamba itakwama.

Usikimbilie teknolojia ya gharama kubwa ukidhani ndiyo njia pekee ya usalama. Tangu mwaka 2004 kampuni ya Marekani ya SawStop imekuwa ikiuza misumeno inayosimamisha diski mara tu ngozi inapoigusa. Ni uvumbuzi mkubwa, ila mashine hizo si za bei nafuu. Aidha, zinafanya kazi kwa kutambua jinsi mwili unavyopitisha umeme, na mbao zilizoloa sana zinaweza kuzichanganya. Kwa mwenye karakana Shirere, bamba la mgawanyo, kifuniko na kijiti cha kusukumia ndivyo vilivyo karibu.

WAJIBU WA MWENYE KARAKANA

Karakana ya nyumbani ikianza kuajiri hata msaidizi mmoja, si jambo la faragha tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwekewe kinga. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo humbebesha mwajiri gharama ya anayeumia, nayo ina jedwali linalopima ulemavu hata wa kidole kimoja kimoja.

Kelele za msumeno wa meza hupita desibeli 90 kwa urahisi, kiwango ambacho kanuni za mwaka 2005 zinakitaja kuwa cha juu zaidi kwa kazi ya saa nane. Majirani wa ploti nao wanahesabika, hasa mtaa unapokuwa wa nyumba zilizobanana.

Unga wa mbao nao si uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuorodhesha mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi penye hewa, vaa barakoa, na usiruhusu watoto kuchezea rundo la unga huo.

Unapofanya kazi, simama kando ya mstari wa diski, si nyuma yake. Usivae glavu, mikono mirefu iliyolegea wala mkufu diski inapozunguka. Ubao uliopinda upasuliwe tu baada ya kurandwa ukapata uso mmoja bapa na ukingo mmoja ulionyooka. Kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Usikate ubao kwa mkono mtupu bila kuuegemeza popote.

Asiyewahi kutumia mashine hii atafute mafunzo kwanza. Walimu wa vyuo vya ufundi, kama vile Chuo cha Kitaifa cha Mafunzo Anuwai cha Sigalagala kilicho kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu, ni watu wa kuendewa na maswali. Fundi mzoefu wa mtaani naye anaweza kukusindikiza dukani. Mlipe siku yake. Macho yake yatakuokolea zaidi ya hapo.

Kwa ufupi, anza kwa kuuliza kazi uliyonayo, nafasi uliyonayo na umeme ulionao. Kisha kagua bamba, reli na swichi, kwa utaratibu huo. Mashine ikifaulu mitihani hiyo mitatu, ndipo mzungumze bei. Isipofaulu, rudi nyumbani na fedha zako. Msumeno wa mkono utakusubiri mwezi mmoja zaidi.